Anga Letu Tumemwachia Nani?

Mswahili wa leo ukimtajia neno "nyota" humjia mambo mawili. La kwanza ni mchezaji hodari wa mpira. La pili ni ramli: nyota yake imefifia, au imefungwa, na yuko bwana mmoja mtaa wa pili awezaye kuifungua kwa fedha kidogo. Ile nyota yenyewe, inayowaka juu ya paa la nyumba yake, haimo kabisa katika hesabu. Jambo hili limeniudhi kwa muda mrefu, na leo nimeona nilitoe hadharani ili wasomaji wanisahihishe au waniunge mkono.

Iko kazi inayofanyika siku hizi katika nchi nyingi, ya kuwaita watu wa kawaida watazame anga. Si mambo makubwa. Mtu mwenye darubini huiweka uwanjani, au shuleni, au kando ya barabara, jioni isiyo na mawingu. Wapitao hualikwa, hupanga foleni, kila mmoja huinamia kioo kwa dakika moja, na mwenye darubini humweleza anachokiona. Basi. Huko Marekani alikuwako mzee mmoja, John Dobson, aliyekuwa mtawa katika nyumba ya Wahindu mjini San Francisco. Mapenzi yake ya nyota yalimtoa katika utawa mwaka 1967, na mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaunda chama cha kuonyesha anga njiani. Darubini zake alizifanya kwa mbao za plaiwudi na mabomba ya karatasi ngumu, vioo akivisugua kwa mkono wake. Alikuwa akisimama penye watu, na kila apitaye akimwita aje aone Zohali. Aliendelea hivyo karibu mpaka kufa kwake, mwaka 2014.

Kwetu Kenya kazi hii imeshikwa na Bi. Susan Murabana na mumewe, Daniel Owen, kwa mradi wao uitwao The Travelling Telescope, yaani Darubini Inayosafiri. Huenda mashuleni na vijijini na darubini yao, pamoja na hema linalojazwa upepo ambalo ndani yake watoto huonyeshwa anga hata wakati wa mchana. Tanzania yuko Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria, aliyejitahidi miaka mingi kuwaeleza wananchi habari za mbingu. Jua lilipopatwa tarehe 1 Septemba 2016, likabaki kama pete kwa muda wa karibu dakika 3, umati wa watu ulikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, wakubwa kwa wadogo, na miwani maalumu machoni. Picha za siku ile zilinipa furaha, na wivu kidogo.

Sasa nitawaambia kwa nini wivu. Januari 2025 nilikwenda Mulot kumtazama mpwa wangu aliyefungua duka huko. Asiyepajua Mulot, ni mji mdogo kwenye barabara ya Narok kwenda Bomet, penye mto Amala, mpakani mwa kaunti hizo mbili. Upande mmoja ni Wakipsigis, upande wa pili Wamaasai. Ukiendelea mbele na kupanda, waingia kwenye majani chai ya Bomet na Kericho, yaliyotandazwa vilimani kama zulia la msikitini. Magazetini jina la Mulot limevuma kwa jambo lisilopendeza, la vijana wanaowalaghai watu kwa simu na kuwamalizia akiba zao, hata jamaa zangu Mombasa waliposikia naelekea huko waliniusia niifiche simu yangu kama mwali. Simu yangu ilirudi salama. Watu niliokutana nao walikuwa wakulima, wachuuzi na wafugaji, na chai yao ya maziwa ni nzito kupita yetu.

Usiku wa pili umeme ukakatika, mji mzima ukawa giza. Nikatoka nje nikainua uso. Subhanallah! Magharibi Zuhura ilikuwa iking'aa kama taa iliyotundikwa, na karibu yake Zohali, nyonge na ya kimanjano. Juu utosini, Mushtarii kando ya jicho jekundu la Thauri. Mashariki Mirihi ilikuwa ikipanda, nyekundu kama kaa la moto. Sayari nne kwa mtazamo mmoja, bila ya kioo wala chombo chochote. Na nyuma yake nyota kwa wingi ambao mimi, mtu wa mjini, nilikuwa nimesahau kuwa upo.

Wakanijia vijana watano hivi wa mtaa ule, wakanikuta mzee mzima na kofia yangu ya kiua nimekodolea macho hewani.

"Mzee, hiyo ni ndege ama ni satelaiti?" akaniuliza mmoja, akionyesha Zuhura.

"Si ndege, mwanangu. Hiyo ni Zuhura. Ni dunia nyingine kama hii yetu, inalizunguka jua."

"Na mbona haisongi?"

"Yasonga. Simama hapa nami kidogo utaiona ikishuka kule mlimani."

Wakasimama. Hilo ndilo lililonishangaza, kwani nilidhani wangecheka na kwenda zao. Walisimama mpaka Zuhura ikazama, wakiniuliza hili na lile, na mengine sikuwa na jawabu lake. Mlinzi wa duka la jirani, mzee wa Kimaasai, akaja na rungu lake, akatuonyesha Kilimia. Kwao jina lake Ngokwa, naye akasema kuwa wazee wao huzijua mvua kwa nyota hizo. Nami nikampa maneno yetu ya Pwani: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Akanitaka niyarudie mara mbili. Mfugaji wa nyika na mwana wa bahari, kila mmoja na kabila yake na dini yake, tulikuwa tumesomeshwa na mwalimu mmoja na hatukujuana.

Nikawaza: lau pale pangalikuwapo darubini moja, hata ndogo! Pete za Zohali zinaonekana kwa darubini isiyo ya ajabu. Miezi minne ya Mushtarii, ile aliyoiona Galileo mwaka 1610, huonekana hata kwa darubini ya mkononi ya macho mawili ukiituliza vizuri. Mulot iko kiasi cha digrii moja tu kusini ya Ikweta, kwa hivyo katika mwaka mzima karibu nyota zote za kaskazini na za kusini hupita juu yake. Yapo mawingu, kweli. Nchi ya majani chai haikosi mvua ya jioni. Lakini miezi ya kiangazi anga lake ni wazi, na mtu wa Ulaya angelipa fedha nyingi kulitazama. Tena wanalipa: ziko hoteli za mbugani Laikipia zinazolaza wageni juu ya vitanda vya wazi ili wahesabu nyota. Mtoto wa Mulot anayo bure, ila hana wa kumwambia anachokiona.

Na mtoto wa Mombasa je? Huyu ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu. Mtoto wa Majengo au Kisauni hana hata hilo giza. Tumewekewa zile taa ndefu za mulika mwizi, nazo kwa kweli zimesaidia, sipendi mama arudi na kibarua chake gizani. Walakin taa iliyofunikwa juu ikamulika chini ingemkamata mwizi yule yule na kutuachia mbingu zetu. Hizi zetu zamulika pande zote, kana kwamba wezi wengine huruka.

Ajabu ni kuwa sisi ndio tuliopasa kuwa walimu wa wengine katika elimu hii. Bahari hii haikuvukwa kwa kubahatisha. Katika majahazi, mjuzi wa njia aliitwa mwalimu, na neno "rubani", ambalo leo tumempa mwendesha ndege, ni la baharini kabla ya kuwa la hewani. Wajuzi hao walikuwa na kibao kidogo cha mti na kamba yenye mafundo. Mtu akiuma kamba kwa meno, akainyosha, akapima kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari kwa hesabu ya vidole, na kwa kimo hicho akajua yuko usawa wa bandari gani. Ahmad bin Majid, baharia mkubwa wa Julfar katika Ghuba, aliandika kitabu chake cha manufaa ya elimu ya bahari kiasi cha mwaka 1490. Tena alikuwa mshairi: njia za bahari alizitunga kwa beti ili mabaharia wazihifadhi, na mojawapo ya tungo hizo yahusu njia ya pwani yetu mpaka Sofala. (Kile kisa kuwa yeye ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 wataalamu wengi wamekikataa, nami nafurahi kuwa wamekikataa.) Hata lugha yenyewe imebaki na alama. Wazee wa vyombo waliposema "suheli" walikusudia kusini, na Suheli ni nyota, ile nyeupe yenye nguvu inayosimama kusini wakati wa kaskazi. Mwaka wetu wa Nairuzi, ambao Makunduchi wangali wakiuogea hadi leo, ulihesabiwa kwa miongo, siku kumi kumi, na kwa miongo hiyo mkulima alijua siku ya kupanda na nahodha siku ya kutweka.

Fauka ya hayo, fungua kitabu chochote cha Kizungu cha nyota usome majina. Aldebaran ni ad-dabaran, afuataye, kwa kuwa huifuata Kilimia. Rigel ni rijl, mguu. Fomalhaut ni fam al-hut, kinywa cha samaki. Deneb ni dhanab, mkia. Betelgeuse ni yad al-Jawza, mkono wa Jauza, ila mwandishi wa Kizungu alikosea nukta, ya akaisoma ba, na kosa lake likadumu. Mtoto aliyesoma chuoni mpaka akaweza kutenganisha herufi hizo mbili anaweza kumsahihisha profesa wa Ulaya. Mbona hatumwambii?

Najua yuko atakayenijibu kuwa mambo ya nyota yana walakini katika dini. Ndugu yangu, tofautisha. Unajimu, yaani kudai kuwa Zuhura ndiyo iliyomharibia fulani ndoa yake, huo tumekatazwa na ukome hapo. Elimu ya falaki ni kitu kingine. Shi'ra, nyota ing'aayo kupita zote usiku, imetajwa kwa jina lake katika Surat An-Najm, ili tujue kuwa nayo ina Mola wake, na wako waliokuwa wakiiabudu. Na siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Mtume, na moyo wake umejaa huzuni ya mwanawe, hakukubali. Aliwafunza kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, akasimamisha sala.

Nije sasa kwenye donda letu, nalo ni mwezi mwandamo. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia, na tena ikimalizika, tunagawanyika. Nyumba moja wako waliofunga na waliofungua, mama anapika pilau ya Idi na kaka mtu yu na saumu yake. Mimi si mufti, na suala la kufuata mwandamo wa nchi nyingine au wa hapa nawaachia wenye elimu yake. Lakini liko jambo moja lililo ndani ya uwezo wetu sote, nalo ni ushahidi. Anayekuja usiku mbele ya masheikh akasema, "Wallahi nimeuona," amejifunza wapi kuutazama? Alijua jua lilikuchwa wapi, na mwezi ulitarajiwa kushoto au kulia kwake, na kwa kimo gani? Alijua kuwa kwetu, karibu na Ikweta, hilali hulala chali kama dau lililo maji, haisimami wima kama ichorwavyo kwenye bendera? Wako watu waaminifu kabisa, wasiosema uongo, waliouona "mwezi" uliokuwa ni kipande cha wingu, au moshi wa ndege uliopigwa na jua.

Hesabu za mwezi si siri. Kutoka kukutana kwake na jua mpaka kukutana tena ni siku 29 na nusu na ziada kidogo, na saa ya kukutana huko hujulikana miaka mingi mbele, kwa dakika. Mwezi ukiwa bado haujaachana na jua kwa digrii 7 hivi, hakuna jicho litakalouona. Na ukiwa umetua kabla ya jua, basi haupo wa kuonwa, hata mashahidi wawe arubaini. Wala hili si neno la Wazungu. Imamu Taqiyyuddin as-Subki, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii aliyefariki mwaka 1355, alisema kuwa hesabu ya yakini ikionyesha kuonekana kwa mwezi hakumkiniki, ushahidi wa aliyedai kuuona haupokelewi. Hakusema tuache kutazama. Alisema asiyewezekana kuonekana asisemwe kuwa ameonekana. Mimi naifuata kauli yake, na wasionikubalia watanisamehe.

Kwa hiyo naona kuwa kutazama mwezi tusingoje Shaaban. Tutazame kila mwezi: Muharram, Safar, mfunguo wa kwanza mpaka wa tatu, zote. Jioni ya tarehe 29, baada ya Magharibi, watu wakutane na darubini yao, vijana kwa wazee, wanaume pembeni yao na wanawake pembeni yao wakitaka, na mmoja anayejua awaonyeshe. Baada ya mwaka mmoja mtaa utakuwa na watu hamsini wanaojua hilali ni nini. Ramadhani ikija, Kadhi atakuwa na mashahidi wanaofahamu wanachokishuhudia, na yule aliyeona wingu atasahihishwa na jirani yake pale pale, kwa upole, kabla hajapiga simu kumi.

Na jioni ikiwa haina mwezi, zitazamwe sayari. Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote mbele ya macho yetu, kuanzia saa 2 na nusu usiku, ukabaki mwekundu kwa dakika 82. Misikitini sala ilisaliwa. Waliotoka baada ya sala waliinua simu zao, wakapiga picha za nukta nyekundu, wakazituma. Darubini moja tu mlangoni mwa msikiti, na imamu akasema maneno mawili, ingetosha kuufanya usiku ule ukumbukwe na watoto mpaka uzee wao. Na liko jambo kubwa zaidi katika hesabu: tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote juu ya Makka yenyewe, mchana, kwa kiasi cha dakika 5. Pwani yetu itapata sehemu yake tu. Hapo itabidi miwani maalumu, kwani jua halitazamwi kwa jicho tupu wala kwa miwani ya kawaida, na aliyekwisha kuunguza jicho hana daktari wa kumrudishia. Miwani hiyo itafutwe mapema.

Wasije wakasema wengine kuwa mambo haya hayakuumbiwa pwani. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa makusudi kwa kuchungua eksirei kutoka mbinguni ilirushwa kutoka kwenye jukwaa la Waitaliani lililo baharini Ngomeni, kaskazini ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, Wamarekani wenye chombo hicho wakakiita Uhuru. Kwa neno la Kiswahili wanasayansi wa dunia nzima waliorodhesha mamia ya vitu vya angani visivyojulikana kabla yake, na Riccardo Giacconi aliyeiongoza kazi hiyo alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Nimeuliza vijana kadhaa wa Malindi kama wamepata kuisikia habari hii. Mmoja alidhani namtania.

Wenye kuendesha mikusanyiko hii nao nina neno nao. Wakija Pwani, waje na Kiswahili. Mtoto akielezwa "Saturn" kwa Kiingereza ataona mpira wenye pete. Akiambiwa Zohali ataikumbuka aliyoitaja bibi yake. Na waje kwanza kwa walimu wa madrasa, sio kwenye hoteli za ufukweni, maana huko watawakuta wageni ambao kwao tayari wana darubini.

Limebaki suala la mahali, nalo si dogo. Mama Ngina ni pazuri kwa nyota, kwani mbele ni bahari tupu, lakini bahari yetu iko mashariki na hilali hutoka magharibi, nyuma ya majumba. Kwa mwandamo Mombasa yafaa mahali pa juu palipo wazi upande wa bara, na mimi ningependekeza kilima cha Nguu Tatu, Kisauni. Lamu, vilima vya mchanga vya Shela vyatosha kwa yote mawili, na giza huko bado lipo. Mulot yatosha uwanja wowote wa shule, umeme ukikatika. Vijana wale watano nimewaachia mpwa wangu darubini ya mkononi, na ametakiwa aiazime kwa zamu, wala asiifungie kabatini.